Nani Ametuma Radi? Somo Juu ya Imani Inayofikiri

Masomo ya kusoma kwanza: Ayubu 1:13–22, Luka 13:1–5, Matendo ya Mitume 28:1–6



Somo letu safari hii linahusu radi. Labda wengine watashangaa, maana katika gazeti la kanisa watu hutegemea kusoma habari za sala, za ubatizo na za sadaka. Lakini sisi tunaoishi Sumbawanga na katika vijiji vya Ufipa, kutoka Laela na Mpui hadi Namanyere, twajua ya kuwa ni mambo machache yanayoijaribu imani ya Mkristo hapa kwetu kama radi. Tanzania nzima yatutania kwa ajili yake. Mtu akisema ndani ya basi huko Dar es Salaam kwamba kwao ni Sumbawanga, jirani yake husogea kidogo, hunyamaza, kisha huuliza kwa kicheko kama ni kweli watu wa huko hutumiana radi. Jina lenyewe la mji, kama wazee wanavyolifasiri, maana yake ni "tupa uchawi". Wanaotutania hulikumbuka neno la pili la jina hilo na kulisahau la kwanza.

Utani wa basini hauna madhara makubwa. Madhara yapo kijijini, siku ile radi inapoua mtu. Udongo wa kaburi haujakauka, watu wameanza kuulizana kwa sauti ya chini: nani? Nani aligombana na marehemu? Nani alinyimwa mbegu? Nani alisema mbele ya watu, "Utaona"? Na jina hupatikana, maana ukitafuta jina hulikosi. Mara nyingi ni la bibi mjane anayekaa peke yake, au la mzee ambaye mahindi yake yalistawi mwaka ambao ya wengine yalikauka. Pengine watu humwendea mpiga ramli ili alithibitishe, naye hulithibitisha, kwa kuwa ndiyo kazi aliyolipwa. Baada ya hapo nyumba huchomwa moto, na mwenye nyumba huhama usiku na kuku wake wawili, au haioni asubuhi. Tusijidanganye kwamba wanaofanya hivi ni watu wasiojua kanisa. Wamo waliobatizwa, wamo waliowekewa mikono na Askofu, wamo wanaopokea Ushirika Mtakatifu.

Basi swali la somo letu ni hili: je, Mkristo anaruhusiwa kulipima jambo ambalo kila mtu analisadiki? Wengine hufikiri ya kuwa imani ni kukubali na kunyamaza, na kwamba anayeuliza maswali ameanza kupoa. Sisi twaona kinyume chake. Kupima ni kazi ya imani, na hapa kwetu uhai wa jirani waweza kutegemea kazi hiyo.

Nyakati tulizo nazo

Husemwa mara nyingi ya kuwa dunia ya sasa imemwacha Mungu. Kwa Ulaya neno hilo lina ukweli wake, maana yako makanisa makubwa huko ambayo yamegeuzwa kuwa maktaba na maduka. Kwetu hali si hiyo. Marehemu Kasisi John Mbiti wa Kenya, Mwanglikana mwenzetu, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 jinsi dini ilivyoenea katika maisha yote ya Mwafrika, toka shamba hadi kaburi. Lakini yuko mwanafalsafa wa Kanada, Charles Taylor, aliyeandika mwaka 2007 jambo linalotugusa hata sisi. Alisema ya kwamba alama kubwa ya nyakati hizi ni kuwa imani imekuwa njia moja kati ya njia nyingi ambazo mtu aweza kuchagua. Zamani mtoto alikuta njia moja, akaifuata. Leo anakuta njia panda.

Tazama simu ya kijana wa Sumbawanga. Katika kiganja kimoja kuna mhubiri anayeuza mafuta ya upako, mganga anayetangaza dawa ya mapenzi na ya utajiri, mwalimu wa fizikia, na mtu wa nchi ya mbali anayesema hakuna Mungu. Wote wanazungumza na kijana huyo usiku mmoja. Serikali nayo haimchagulii, kwa kuwa Katiba yetu inasema Jamhuri haina dini, na inamwachia kila raia uhuru wa kuabudu. Sisi hatulalamiki juu ya jambo hilo. Waanglikana ni wachache Ufipa, ambako Injili ililetwa na Mapadre Weupe waliokabidhiwa kituo cha Karema mwaka 1885, na mchache ndiye ajuaye faida ya uhuru huo.

Lakini mtu akiwa njia panda bila kufundishwa kupima, hufanya moja la mawili. Wengine huitupa imani pamoja na hofu za zamani, wakisema yote ni hadithi za mabibi. Wengine, nao ndio wengi kwetu, huweka vyote chumbani kwa wakati mmoja: Jumapili kanisani, Jumatatu zahanati, na Jumanne usiku kwa mganga. Hao hawajaacha kuamini. Wanaamini kila kitu, na anayeamini kila kitu ataamini pia kwamba bibi wa jirani ameketi juu ya radi.

Wazee wetu hawakuwa wajinga

Kabla ya kwenda mbele, tuseme neno la haki. Anayeuliza "nani ametuma?" si mpumbavu. Miaka ya 1920 mtafiti Mwingereza, Evans-Pritchard, alikaa na Wazande wa kusini mwa Sudan. Huko ghala za nafaka huinuliwa juu ya nguzo, na watu hupumzika chini yake penye kivuli. Siku nyingine ghala huanguka na kuumiza watu. Wazande walijua vizuri sana ya kuwa mchwa wamekula nguzo. Swali lao lilikuwa jingine: mbona ghala limeanguka saa ile ile ambapo fulani ameketi chini yake? Mchwa hajibu swali hilo. Vivyo hivyo mwalimu wa fizikia aweza kumweleza mama aliyefiwa habari zote za umeme, na mama bado atauliza, "Mbona mwanangu?" Tutarudi kwenye swali lake.

Tena, kupima mambo hakukuletwa Ufipa na meli. Matanuri marefu ya kuyeyushia chuma, mengine yakizidi urefu wa mita 3, bado yanaonekana hapa na pale katika uwanda wetu. Waliyoyajenga walijua ni mawe yapi yana chuma, ni makaa ya mti gani yanafaa, na jinsi ya kuacha matundu chini ili hewa ivutwe yenyewe bila mivukuto. Kisha walikisafisha chuma hicho katika tanuri dogo lenye mivukuto. Ni kweli waliweka dawa na kufanya maombi yao. Lakini hakuna mhunzi aliyefikiri kwamba dawa yatosha bila mawe mazuri. Hata matuta yetu ya duara, yenye majani yaliyofukiwa ndani ili yaoze yawe mbolea, ni elimu iliyopatikana kwa kujaribu na kutazama, mwaka baada ya mwaka. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 na kutaka shule zikuze akili ya kudadisi, hakuwa akiomba kitu kigeni.

Radi hufanyaje kazi

Ufipa ni uwanda wa juu, kiasi cha mita 1,800 juu ya bahari, na pande zote mbili tuna maziwa yaliyo chini sana: Tanganyika magharibi na Rukwa mashariki. Hewa yenye joto na unyevu hupanda kutoka mabondeni hayo, hupoa, na kuwa mawingu marefu. Ndani ya mawingu hayo chembe za barafu hugongana kwa nguvu, na umeme hujikusanya kama vile sweta la sufi linavyotoa cheche ukilivua usiku. Umeme ukizidi, hutafuta njia ya kushuka ardhini. Njia yake huwa na joto la nyuzi 30,000 hivi, mara tano ya joto la uso wa jua, na hewa iliyopashwa joto hivyo hupasuka. Ndiyo ngurumo. Ukiona mwanga, hesabu: kila sekunde 3 kabla ya ngurumo ni kilomita moja kati yako na radi.

Sasa tutazame mambo ambayo watu huyatoa kuwa ushahidi wa radi ya kutumwa. Husemwa: "Ilipiga bila mvua, mbingu ni nyeupe." Radi yaweza kutoka ubavuni mwa wingu na kupiga umbali wa kilomita 10 na zaidi mahali pasipo na tone la mvua. Husemwa: "Iliua ng'ombe wa fulani peke yao, mchungaji akabaki." Radi ikipiga mti au ardhi, umeme husambaa udongoni. Mnyama ambaye miguu yake ya mbele iko mbali na ya nyuma huupokea umeme mwingi kupita mtu aliyesimama miguu pamoja, nao hupita moyoni mwake. Ng'ombe waliojikusanya chini ya mti mmoja hufa pamoja. Husemwa pia: "Ilichagua nyumba moja katikati ya nyumba nyingi." Ndivyo radi ifanyavyo kila mahali duniani, hata katika miji ambayo hakuna aliyewahi kusikia habari za Sumbawanga.

Nasi twasema wazi: radi haitumwi na mtu. Chuki iko, na sumu iko, na watu wenye nia mbaya wako, na Mungu atawahukumu. Lakini bibi kizee hana mkono wa kufika kwenye wingu.

"Mbona mwanangu?"

Turudi kwa yule mama. Elimu imemweleza jinsi ilivyokuwa, wala haikumfariji. Hapa ndipo wengi huona pengo, na mpiga ramli huingia mlangoni akiwa na jina tayari. Kanisa lina nini la kusema?

Tusome Ayubu 1. Katika siku moja mjumbe anamletea habari ya moto ulioshuka toka mbinguni na kuteketeza kondoo na watumishi, na mjumbe mwingine habari ya upepo mkali ulioangusha nyumba juu ya watoto wake. Radi na tufani, mambo tunayoyajua. Kisha rafiki zake wanakuja. Kwa siku saba wanakaa naye chini bila kusema neno, na hiyo ndiyo kazi njema pekee waliyoifanya. Walipofungua vinywa wakaanza kutafuta mwenye kosa, nao wakaamua ya kuwa ni Ayubu mwenyewe. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia hao, waliosema maneno mengi ya kumtetea, na kumkubali Ayubu aliyelia, akauliza na kulalamika. Wanaodhani kwamba kuuliza ni kuasi wasome sura ya 42 polepole.

Bwana wetu naye aliulizwa swali letu hili, tena mara mbili. Kwa habari ya mtu aliyezaliwa kipofu, wanafunzi walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Kwa habari ya mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu 18, watu walidhani ya kuwa hao walikuwa wakosaji kuliko wengine. Mara zote mbili Yesu alikataa kutaja jina. Hakusema kwamba swali ni gumu au kwamba jibu ni siri ya Mungu. Alilikataa swali lenyewe, akawageuza watu kutazama upande mwingine: kwa kipofu alitema mate, akafanya tope, akamponya, kwa habari ya mnara aliwaambia waliosimama pale wazitazame njia zao wenyewe.

Tarehe 10 Machi 2018, huko Nyaruguru, kusini mwa Rwanda, radi ilipiga kanisa la Waadventista Wasabato watu wakiwa ndani ya ibada. Walikufa watu 16. Ukiisikia habari hiyo, usianze kutafuta dhambi iliyokuwa kanisani mle. Bwana amekwisha kukukataza. Waliokufa walikuwa wakisali, kama sisi tusalivyo. Mama aliyefiwa anahitaji watu wa kukaa naye chini, wa kumpikia, wa kumlimia shamba lake msimu huo. Jina la mchawi halimrudishii mwana. Linampa jirani mwingine msiba.

Soma pia habari ya Paulo katika kisiwa cha Malta, Matendo 28. Nyoka alipomwuma mkono, wenyeji walisema mara moja: huyu ni mwuaji, amefuatwa na kisasi. Alipokosa kufa, wakageuka wakasema ni mungu. Walikosea mara mbili ndani ya saa chache, na mara zote mbili walikuwa na hakika kabisa. Luka ameiandika habari hiyo kwa utulivu, na sisi tunashuku ya kuwa alitabasamu kidogo.

Andiko gumu

Kila tunapofundisha hivi, yupo anayefungua Kutoka 22:18, penye sheria ya kutomwacha mchawi kuishi. Hatuna haki ya kuruka andiko hilo kana kwamba halimo. Limo. Lakini anayelitumia na asome sura nzima pamoja na iliyotangulia. Humo imeandikwa pia jinsi ya kumnunua mtumwa wa Kiebrania, na kwamba anayewalaani wazazi wake auawe. Hatununui watumwa, wala hatuwaui vijana wenye midomo. Kanisa limejifunza kuisoma sheria ile ya kale kwa mwanga wa Kristo, ambaye mbele ya mwanamke aliyeletwa ili apigwe mawe aliwataka washitaki wajitazame wenyewe kwanza. Tena sheria ile ile ya Musa, katika Kumbukumbu 19, yadai mashahidi wawili au watatu, na shahidi wa uongo apewe adhabu aliyotaka kumpatia mwenzake. Wapiga ramli wangapi wangekubali sharti hilo?

Kanisa lina historia yake ya aibu katika jambo hili. Huko Ulaya, kati ya karne ya 15 na ya 18, maelfu kwa maelfu ya watu waliuawa kwa kuitwa wachawi, na andiko hilo likisomwa mahakamani. Mwaka 1631 padre Mjesuiti wa Ujerumani, Friedrich Spee, alitoa kitabu bila kuandika jina lake, akaonyesha ya kuwa mateso ndiyo yaliyozaa wachawi: mtu yeyote akiteswa vya kutosha atakiri, na ataulizwa majina ya wenzake, naye atayataja. Huko Salem, Marekani, mwaka 1692, watu 20 waliuawa. Miaka mitano baadaye mmoja wa mahakimu, Samuel Sewall, alisimama kanisani mbele ya watu wote huku mchungaji akisoma karatasi ya toba yake. Ni hakimu mmoja tu aliyefanya hivyo.

Na radi? Kengele nyingi za makanisa ya Ulaya ziliandikwa kwa Kilatini ya kwamba zinaivunja, na dhoruba ikija watu walikimbilia mnarani kuzipiga. Mnara ndio mrefu kuliko vyote kijijini, na kamba ya kengele imelowa. Kitabu kilichochapwa Munich mwaka 1784 kilihesabu wapiga kengele zaidi ya 100 waliouawa na radi katika muda wa miaka 33. Ilhali tangu mwaka 1752 majaribio ya Ufaransa, na ya Benjamin Franklin huko Marekani, yalikuwa yameonyesha ya kuwa radi ni umeme, na kwamba nondo iliyofungwa juu ya paa na kushushwa hadi ardhini huipitisha bila kuumiza mtu.

Kwetu Ufipa, wazee wanakumbuka kamchape. Miaka ya 1930 wenye dawa za namna hiyo walitoka upande wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Mwaka 1963 na 1964 walipita tena vijijini kwetu, na Roy Willis, mtafiti aliyekuwa akiishi Ufipa wakati huo, aliyaandika mambo yao. Vijana walikuwa mbele, na wazee wengi walinyoshewa kidole. Pembe na vibuyu vilifukuliwa, watu wakachanjwa na kulipa ada, kijiji kikatangazwa kuwa safi. Lakini usafi huo haukudumu, ndiyo maana ilibidi waje tena. Miaka ya karibuni jina hilo limesikika upya, hasa mkoani Kigoma. Dawa inayohitaji kurudiwa kila kizazi yafaa ichunguzwe.

Yafaa pia kuchunguza ni lini watu huuawa. Mchumi Edward Miguel alikusanya habari za vijiji 67 vya wilaya ya Meatu, akazitoa mwaka 2005. Aliona ya kuwa katika miaka ya ukame au ya mafuriko mauaji ya watuhumiwa wa uchawi, karibu wote wanawake wazee, huongezeka maradufu, ilhali mauaji ya namna nyingine hayaongezeki. Kumbe ghala likiwa tupu, bibi anageuka kuwa mchawi. Mdomo mmoja unapungua mezani. Neno hilo ni chungu kuliandika katika gazeti la kanisa, lakini ndivyo lilivyo.

Neno kwa wanaotupinga

Ndugu wengine watasema: "Mnamkana Ibilisi." Hatumkani. Katika ubatizo tulimkataa kwa kinywa, na hatumkatai asiyekuwapo. Lakini tutazame jina alilopewa katika Ufunuo 12:10: yeye ni mshitaki wa ndugu zetu, anayewashitaki usiku na mchana. Basi mtu anayekwenda nyumba kwa nyumba akimshitaki jirani kwa jambo asiloliona, anafanya kazi ya nani?

Kijana wetu aliyesoma atapinga kwa upande mwingine: "Kama radi ni umeme tu, Mungu ana kazi gani tena?" Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mlutheri wa Ujerumani, alilifikiria jambo hilo mwaka 1944 akiwa gerezani Berlin, kabla ya kuuawa na serikali ya Hitler tarehe 9 Aprili 1945. Aliona ni hatari kumweka Mungu katika mapengo ya elimu yetu, kama kiraka. Elimu ikikua, Mungu wa namna hiyo hupungua kila mwaka, mpaka anabaki na kona moja. Kijana, Mungu tunayemwabudu hakukaa kwenye pengo lile. Zaburi ya 29 inamsikia katika ngurumo, nasi tutaendelea kuiimba huku tukijua habari za barafu na umeme. Eliya alijifunza juu ya Horebu ya kuwa Bwana hakuwamo katika upepo, wala tetemeko, wala moto.

Sisi Waanglikana tumezoea kusema ya kuwa twasimama juu ya Maandiko, mapokeo na akili, kama kigoda cha miguu mitatu. Watu humtaja Richard Hooker, kasisi Mwingereza aliyefariki mwaka 1600, kuwa ndiye aliyesema hivyo. Yeye hakutumia mfano wa kigoda, na kwake Maandiko yalitangulia. Lakini alifundisha kweli ya kuwa akili ni zawadi ya Mungu yule yule aliyetupa Maandiko, na kwamba anayeidharau hampi Mungu heshima zaidi. Hakuna sababu ya kuiacha akili hiyo nje ya mlango pamoja na viatu.

Litania na nondo

Katika Kitabu cha Sala, ndani ya Litania, tunamwomba Bwana atuokoe na radi na tufani, na tauni na njaa, na vita na kifo cha ghafula. Angalia jinsi radi ilivyopangwa: pamoja na magonjwa na njaa. Hakuna anayeomba kuokolewa na njaa kisha akaacha kulima, wala anayeomba kuokolewa na tauni kisha akakataa chanjo. Basi na radi pia tuombe, halafu tuinuke tufanye kazi.

Ukisikia ngurumo, ingia katika nyumba imara au ndani ya gari lenye bodi ya chuma, na usitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Usijikinge chini ya mti ulio peke yake. Usibaki shambani, wala ziwani, wala katikati ya ng'ombe. Kibanda cha nyasi hakizuii radi. Na hili tunaomba lisomwe kwa sauti katika kila mtaa: mtu aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Wapo wanaoogopa kumgusa, wakisema ana kitu. Mguseni. Kama hapumui, mlazeni chali, mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka bila kuacha, huku wengine wakitafuta gari la kumpeleka hospitali. Wengi moyo wao umesimama tu, na waweza kuamshwa.

Shule na makanisa yetu mengi yamejengwa kilimani, mahali panapoonekana, bila kinga ya radi. Mwaka 2011 huko Kiryandongo, Uganda, radi iliua watoto 18 wa shule moja ya msingi ya Runyanya. Baadaye shule hiyo ilifungiwa kinga. Fedha za kinga ya kanisa zapasa kuwa katika hesabu ya ujenzi tangu mwanzo, pamoja na mabati na saruji. Mafundi umeme waulizwe, maana nondo isiyofika vizuri ardhini ni mbaya kuliko kukosa nondo.

Tukumbuke sheria pia. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, inahesabu kuwa kosa kumtangaza mtu kuwa ni mchawi. Mpiga ramli akiingia kijijini, mwenyekiti aarifiwe siku hiyo hiyo, kabla majina hayajatajwa.

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi na katika Umoja wa Akina Mama

Someni tena Luka 13:1–5. Kwa nini Yesu hakuwapa watu jibu walilolitaka?

Je, katika kijiji chenu yupo mtu anayeitwa mchawi? Jina hilo lilianza lini, na nani alilitaja kwanza? Mwaka huo mavuno yalikuwaje?

Kijana anayeuliza maswali magumu katika darasa la kipaimara hujibiwaje katika mtaa wenu?

Ni nani kati yenu atakayekwenda kumtembelea, kabla ya Jumapili ijayo, bibi ambaye watu hawapiti tena mlangoni pake, na atakwenda na nini mkononi?